SOMO: Muvi za zamani unazipata wapi ukiwa Nairobi, na kwa nini kuanzia Netflix ni kupoteza muda

Wasee, hili swali linarudi kila mara. Mtu anakumbuka muvi aliyoiona akiwa mdogo, anaingia Netflix haipo, anaenda kwa jamaa wa kujaza flashi pale stegi anapewa ingine kabisa yenye jina linalofanana, halafu anarudi hapa kulia eti muvi za zamani zimeisha. Hazijaisha. Muvi ina mwenyewe, na huyo mwenyewe ndiye anaamua leo iko kwa TV gani, mwakani itakuwa kwa app gani, na kama itauzwa kwa DVD ama itafungiwa stoo. Kwa hivyo usianze kutafuta muvi, anza kumtafuta mwenyewe.

Hatua ya 1: Jua jina halisi, mwaka na dakika

Wengi wanakwama hapa. Muvi za zamani zilikuwa zinabatizwa upya kila zikivuka mpaka. Chukua Bruce Lee: The Big Boss ni ya 1971, Fist of Fury ni ya 1972. Zilipopelekwa Marekani, The Big Boss ikaitwa Fists of Fury, halafu Fist of Fury yenyewe ikaitwa The Chinese Connection. Sasa wewe unaagiza Fists of Fury ukidhani ni ile ya kulipiza kisasi cha mwalimu, unaletewa ile ya kiwanda cha barafu, unaanza kugombana na mwenye duka na wala hana makosa. Hata The 36th Chamber of Shaolin ya 1978 huko nje iliuzwa kama Master Killer.

Kama jina limekutoka kabisa, tafuta mwigizaji unayemkumbuka kwa Wikipedia ama IMDb, shuka na orodha ya kazi zake mwaka baada ya mwaka mpaka uone bango unalolitambua, kisha angalia majina mengine ya hiyo muvi. Andika kwa simu: jina asili, mwaka, kampuni iliyoitengeneza, na urefu wake kwa dakika.

Dakika usidharau. Metropolis, muvi ya bubu ya dairekta Fritz Lang, ilionyeshwa mara ya kwanza Berlin 1927, baadaye ikakatwakatwa ili iuzike, na watu wakakaa miaka mingi wakijua sehemu kubwa imepotea mpaka 2008 nakala ndefu ikapatikana kwa makumbusho ya filamu huko Buenos Aires. Toleo lililotengenezwa upya 2010 lina kama dakika 148. Ukiona iliyo na dakika 80 na kitu yenye nyimbo za pop, hiyo ni ya Giorgio Moroder ya 1984. Mimi naipenda, lakini usiambie watu umeona Metropolis.

Hatua ya 2: Mtafute mwenyewe

Jina la kampuni unaloona mwanzo wa muvi si lazima ndilo la mwenye mali leo. Simba wa MGM ananguruma mwanzo wa The Wizard of Oz ya 1939, lakini hiyo muvi leo ni ya Warner. Ilikuwaje? Ted Turner, tajiri wa TV wa Marekani, alinunua MGM 1986, deni likamlemea akarudisha karibu kila kitu, ila akabaki na stoo ya muvi zilizotengenezwa kabla ya hapo, pamoja na za zamani za Warner na za RKO, studio ingine ya Hollywood. Hiyo stoo ndiyo aliyoanzishia TCM, chaneli ya muvi za zamani, mwaka wa 1994, na 1996 kampuni yake ikaingia Time Warner, wenye Warner. MGM iliyobaki ikanunuliwa na Amazon 2022. Kwa hivyo ukitafuta MGM ya 1940 kwa Prime Video kwa sababu Amazon ndio wenye MGM, utatafuta mpaka stima ipotee.

Za kung fu nazo: stoo ya Shaw Brothers, studio ya Hong Kong, zaidi ya muvi 700, ilinunuliwa na Celestial Pictures mwaka wa 2000, wakazisafisha na kuanza kuzitoa upya. Kabla ya hapo dunia nzima ilikuwa inaona nakala chafu zilizokatwa pembeni.

Halafu kuna ambazo hazina mwenyewe tena. Marekani muvi za zamani zinalindwa miaka 95, kwa hivyo kila Januari mosi mwaka mmoja zaidi unafunguka: 2024 zilifunguka za 1928, 2025 zikafunguka za 1929. Zingine zilifunguka mapema kwa uzembe tu. Night of the Living Dead ya 1968 ilibadilishwa jina dakika za mwisho, na walipoweka jina jipya ile alama ya hakimiliki ikaachwa nje, na sheria ya wakati huo ilikuwa bila alama huna haki. Ndiyo maana iko kila mahali bure na halali, na ndiyo maana nakala zingine ni mbovu ajabu, maana mtu yeyote anaweza kuitoa hata na mkanda uliokwaruzika.

Hatua ya 3: Anza na za bure ambazo ni halali

Internet Archive (archive.org) ndio mlango wa kwanza, ingia sehemu ya filamu ndefu utapata Buster Keaton, Nosferatu ya 1922, His Girl Friday ya 1940 na zingine nyingi, na unaweza kudaunilodi. YouTube, chaneli rasmi ya Mosfilm wameweka muvi zao za enzi ya Sovieti bure, nyingi zina sabtaito za Kiingereza, Solaris ya 1972 iko. Hifadhi ya filamu ya Korea Kusini nayo ina chaneli yake ya klasiki hapo YouTube, tafuta The Housemaid ya 1960 usiku ukiwa peke yako utanishukuru. Za Kihindi angalia chaneli rasmi za Rajshri na Shemaroo. TV5MONDEplus ni bure tangu ianze 2020, na ukitaka muvi za Afrika zinazoongea Kifaransa ni pazuri kuanzia.

Ukidaunilodi kwa waifai ya ofisi ama bando la usiku, chagua faili ya MP4, ile kubwa kuliko zote huwa si lazima kwa muvi ya 1935. Flashi nyingi zinakuja na mfumo wa FAT32 ambao haukubali faili moja kupita GB 4, kwa hivyo ikikataa kukopi na nafasi iko, usitupe flashi, ifomati kwa exFAT, lakini kwanza hakikisha TV yako inaisoma. Sabtaito ya srt iwe folda moja na muvi na zibebe jina moja herufi kwa herufi, la sivyo TV haitaiona.

Hatua ya 4: Za kulipia

Netflix ilifika Kenya Januari 2016, Prime Video Desemba mwaka huo huo, na zote mbili klasiki wanazikodisha kwa muda, zinaingia zinatoka. Kabla ya kulipa fungua JustWatch, tovuti inayokuonyesha muvi iko kwa app gani, chagua Kenya, andika jina la muvi. MUBI ndiyo app inayojali muvi za zamani kweli kweli. Criterion Channel, app ya klasiki mnayoiona Wamarekani wakiisifu, ni ya Marekani na Kanada tu, kwa hivyo msitume kadi zenu huko bure.

TV ya kawaida sina mengi ya kusema. DStv ilikuwa na TCM, ikageuzwa ikawa TNT na muvi zikawa za juzi. Stesheni zetu hukumbuka klasiki Pasaka na Krismasi, basi.

Hatua ya 5: Ukiipenda, inunue kwa diski

Hii watu wanaipuuza na ndiyo ya maana, kwa sababu diski yako haitolewi kabatini mkataba wa mtu ukiisha. Ila kuna mtego wa kanda, yaani eneo la dunia ambalo diski imefungiwa. DVD za Marekani ni kanda 1, Ulaya ni 2, sisi huku ni 5. Mashine nyingi za DVD zinazouzwa Luthuli Avenue hazijali hiyo namba lakini uliza, tena bora ubebe DVD yako ijaribiwe pale pale dukani. Drevu ya laptopu inakuruhusu kubadilisha kanda mara 5 pekee halafu inajifunga, usiichezee. Kwa Blu-ray tuna bahati: Afrika na Ulaya tuko kanda moja, B, kwa hivyo za kampuni za Uingereza kama BFI, Eureka na Arrow zinacheza vizuri. Criterion za Marekani ni kanda A, tafuta zile wanazouza Uingereza. Diski za 4K hazina kanda kabisa. Kumbuka tu kupiga hesabu ya usafiri na ushuru kabla ya kubonyeza kununua, si baada ya kupata simu ya kuenda kuchukua mzigo.

Hatua ya 6: Rekebisha TV

Muvi nyingi za kabla ya 1953 ni karibu mraba, lazima uone nyeusi kulia na kushoto. Ukiona skrini imejaa na Humphrey Bogart amekuwa mfupi mnene kama gunia la viazi, TV imemvuta. Ingia upande wa picha weka 4:3. Ukiwa hapo hapo zima ule ulaini wa mwendo, kwa LG unaitwa TruMotion, Samsung ni Auto Motion Plus (kwa TV mpya iko ndani ya Picture Clarity), Sony ni Motionflow. Muvi ilipigwa picha 24 kwa sekunde, TV inabuni zingine katikati na kila kitu kinaanza kufanana na sopu za mchana.

MASWALI YA MEMBA

mwana_wa_umoja: Bosi shukrani. Mimi za Shaolin nilizijulia kwa DJ Afro, yule anayetafsiri muvi kwa sauti yake juu ya picha. Nikiona orijino bila yeye naona kama imepoa. Kuna mahali ziko pamoja kihalali?
— Haha buda hata mimi. Ile sauti ni kazi yake, lakini picha ni ya mwenye muvi, kwa hivyo kuziuza pamoja kihalali kunahitaji wote wawili wakubaliane. Tafuta orijino iliyosafishwa na Celestial uone kwanza rangi zake, utagundua kuna nusu ya skrini hukuwahi kuiona, zile nakala za zamani zilikuwa zimekata mapanga pembeni.

wanjiku_k: Nimesoma sheria ya Kenya inasema muvi inalindwa miaka 50. Si basi kila kitu cha kabla ya 1974 ni bure huku?
— Dada, umesoma vizuri, ni miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka iliyotengenezwa ama kutolewa kwa umma, ile ya mwisho kati ya hizo. Lakini hiyo ni picha. Hadithi na muziki ndani yake vina hesabu yao, maisha ya mtunzi jumlisha 50. Hili si jambo dogo: It's a Wonderful Life ya 1946 walisahau kuandikisha upya hakimiliki yake 1974, stesheni za Marekani zikawa zinaionyesha bure kila Krismasi mpaka ikawa maarufu kuliko ilivyotoka, halafu 1993 kampuni ya Republic ikairudisha mkononi kupitia haki za hadithi na muziki. Ukiangalia nyumbani kwako sawa, ukitaka kuionyesha watu kwa kiingilio, ongea na KECOBO (bodi ya hakimiliki) na pia KFCB (bodi ya kuainisha filamu) kwanza.

Baba Tasha: Natafuta muvi ya bubu ya miaka ya 20, jina ninalo, mwaka ninao, kampuni ninayo, haiko popote. Nafanya nini?
— Mzee wangu, inawezekana haiko kweli. Library of Congress walitoa ripoti 2013: kati ya muvi za bubu karibu 11,000 za Marekani, ni asilimia 14 tu ziko kamili kwa umbo lake la kwanza. Zilikuwa kwa mkanda wa naitreti unaoshika moto haraka, na sauti ilipokuja kampuni nyingi zikaona hazina faida. Angalia Wikipedia kama imeandikwa imepotea kabla hujachoma bando zaidi.

kaka_ronnie: Na za kwetu? Saikati, Arusi ya Mariamu, hizo ziko wapi?
— Hapa ndipo naumwa. Saikati ya Anne Mungai ni ya 1992, si ya kale hata, na kuipata ni ngumu kuliko kupata Keaton wa 1926. Arusi ya Mariamu ya Tanzania, 1985, vivyo hivyo. Shida si mkanda, ni kwamba hakuna anayezitoa. Kuna mradi wa African Film Heritage ulioanza 2017, wa shirika la dairekta Martin Scorsese, FEPACI (shirikisho la watengeneza filamu wa Afrika) na UNESCO, wanasafisha muvi za Afrika moja baada ya nyingine, Soleil Ô ya Med Hondo ilitoka hapo. Kwa sasa fuatilia ratiba za Alliance Française pale Loita Street na za Goethe-Institut, kituo cha utamaduni cha Wajerumani, muvi za Afrika huonyeshwa hapo. KBC nao wana Vitimbi na Vioja Mahakamani kwa YouTube, si muvi lakini utacheka.

mama_Kevo: TV yangu ni ya zile bei ya chini, haina 4:3 mahali popote kwa menyu.
— Mama Kevo, angalia rimoti, kuna kitufe kimeandikwa ASPECT ama ZOOM, ama kina alama ya mstatili. Bonyeza ukiwa muvi inaendelea, si ukiwa kwa menyu, na urudie mpaka nyuso zikae sawa. Isipokubali kwa flashi, chezea muvi kwa laptopu na VLC, unganisha na waya wa HDMI, VLC haivuti picha bila kuambiwa.