Transisheni kwenye vidio ya harusi: weka chache, na uache mkia

Kama umekulia Bongo unazikumbuka zile kanda na DVD za harusi, moyo unafunguka katikati ya skrini bibi harusi anatokea, mara anakunjwa kama ukurasa wa daftari anakuja bwana harusi, mara nyota, mara mlango. Hizo ndo transisheni, njia ya kuhama kutoka klipu moja kwenda nyingine. Na mimi nimeediti hivyo kitambo tu nikijua ndo ufundi wenyewe, mpaka mama mmoja mwenye sherehe akaniuliza "mwanangu, mbona umenikunja kama chapati?" Nilicheka ila ujumbe ulifika.

Naelekeza kwa DaVinci Resolve, programu ya kuediti vidio kwenye kompyuta, kwa sababu toleo la bure linatosha kabisa kwa kazi hii. Fungua ukurasa wa Edit (Shift+4), kata na upange klipu zako zote bila transisheni hata moja. Usiwe na haraka hapa. Ukianza kupamba kabla stori haijakaa, ukija kuhamisha klipu moja kila kitu kinavurugika unaanza upya.

Sasa jambo ambalo linawasumbua wengi sana, unaburuta transisheni inagoma, au programu inakwambia klipu hazina nafasi na inataka kuzipunguza. Programu haina kosa lolote hapo. Transisheni ni klipu mbili zinaonekana kwa pamoja kwa muda mfupi, kwa hiyo ya kwanza lazima iendelee kidogo baada ya pale ulipoikata na ya pili lazima ianze kidogo kabla. Ni kama fundi nguo, huwezi kushona vipande viwili kama hujaacha kitambaa cha ziada pembeni kwa ajili ya mshono. Ukitaka transisheni ya fremu 24 (fremu ni zile picha moja moja zinazounda vidio) iliyokaa katikati ya mkato, unahitaji fremu 12 za ziada mwishoni mwa klipu ya kwanza na 12 mwanzoni mwa ya pili. Mimi hiyo ziada naiita mkia. Kama klipu umeitumia yote kuanzia ilipobonyezwa rekodi mpaka ilipozimwa basi mkia hauna, ingiza ncha zake ndani kidogo halafu jaribu tena. Na ukiwa unashuti mwenyewe, bonyeza rekodi hesabu mpaka tatu ndo kitu kianze, kikiisha hesabu tena tatu ndo uzime, hii tabia itakuokoa sana mezani.

Kuweka kwenyewe ni rahisi. Bonyeza pale klipu mbili zinapokutana halafu Ctrl+T, inaingia Cross Dissolve, ile picha moja inafifia huku nyingine inatokea, ya sekunde moja kama hujabadilisha mipangilio. Ukitaka aina nyingine fungua Effects juu kushoto, ingia Video Transitions, shika unayoitaka uburute mpaka kwenye mkato. Kuirefusha au kuifupisha vuta kingo zake, au igonge mara mbili ili paneli ya mipangilio, Inspector, ifunguke uandike muda unaoutaka. Kwa matarumbeta na watu wanacheza mimi naweka fremu 8 mpaka 12 tu, kwa maombi au bibi harusi anapambwa taratibu naiacha sekunde nzima.

Mnaoediti kwa Premiere Pro mambo ni yale yale, shortikati yenu ni Ctrl+D, na mkia usipokuwepo inarudia fremu za mwisho kwa hiyo mtu anaonekana kaganda ghafla. Wa CapCut kwenye simu gusa kale kaboksi keupe kati ya klipu mbili, chagua, sogeza kitelezi cha muda. Kile kitufe cha kuweka kwa klipu zote kikimbieni kama deni. Na klipu ukiiweka kama overlei, yaani juu ya klipu nyingine, kale kaboksi hukaoni, hapo tumia animesheni ya kuingia na kutoka.

Wapi uweke? Watu wakiwa ukumbini na bado mko ukumbini, kata tu, jicho la mtazamaji limezoea. Muda au mahali pakibadilika, mfano kutoka saluni kwenda kanisani, hapo Cross Dissolve inakaa vizuri. Sehemu nzima ikiisha, zamisha kwenye giza kidogo. Zile za kuzungusha picha kwa kasi weka pale tu ambapo kamera yenyewe ilikuwa inageuka, na klipu zote mbili zigeuke upande mmoja, la sivyo unamtia mtu kizunguzungu bure.

Kwenye risala na nasaha ndo usithubutu. Mzee kaongea dakika kumi wewe umekata zimebaki mbili, ukiweka Cross Dissolve kwenye kila mkato anatoka na vichwa viwili kama mzimu. Funika mkato kwa picha ya mama anafuta machozi au meza ya kamati wanacheka, sauti ya mzee inaendelea chini na hakuna atakayejua umekata.

Tukija kwenye sauti, nayo ina transisheni yake na wengi mnaisahau. Ukisikia "tak" kwenye mkato, weka ya sauti fupi fupi tu, fremu 2 au 3 inatosha. Na hii naipenda kuliko zote: shikilia Alt, bonyeza sehemu ya sauti ya klipu inayofuata, vuta ukingo wake urudi nyuma kama sekunde moja chini ya klipu iliyotangulia, kwenye treki (mstari) tofauti ili usikanyage sauti iliyopo. Bibi harusi bado yuko saluni anavaa hereni, matarumbeta yanaanza kusikika, ndo picha inakata kwenda kwenye msafara. Hiyo haihitaji efekti yoyote.

Kompyuta yako ikiwa inakwama kwama kwenye transisheni nzito, ingia Playback, Render Cache, weka Smart, subiri mstari mwekundu juu ya taimulaini, pale klipu zinapopangwa, ugeuke bluu ndo uangalie.

Kabla ya kutoa faili, zuumu taimulaini pitia mikato yote mmoja mmoja. Pengo la fremu moja kati ya klipu hulioni kwa mbali ila kwenye projekta ya ukumbini linapiga mweko mweusi kila mtu anauona. Libonyeze, futa, klipu zigusane.