Somo: Kutenganisha mchanga, chumvi na vumbi la chuma (na kwa nini chumvi yenyewe haichujiki)

Wakuu, wiki hii pekee nimeulizwa swali hili mara nne, mara mbili na mtu yuleyule. Naliweka hapa, atakayeuliza tena ataelekezwa huku.

Mahitaji: vijiko viwili vya chumvi, viwili vya mchanga mkavu, kijiko cha vumbi la chuma (kaombe kwa fundi wa kuchomelea mageti), sumaku ya spika mbovu, mfuko wa nailoni, kitambaa safi cha pamba, sufuria.

Kabla hujashika chochote jiulize: hivi vitu vitatu vinatofautiana nini? Chuma kinavutwa na sumaku. Chumvi inayeyuka kwenye maji. Mchanga hauna habari na lolote kati ya hayo. Njia nzima imo humo.

1. Changanya vyote kwenye sahani.

2. Ingiza sumaku ndani ya mfuko wa nailoni NDIPO uipitishe juu ya mchanganyiko. Ukimaliza, geuza mfuko na uchomoe sumaku. Chuma chote kinadondoka. Ukiipeleka uchi utakesha unaikwangua.

3. Mimina robo lita ya maji ya vuguvugu kwenye kilichobaki, koroga.

4. Chuja kwa kitambaa. Mchanga unabaki juu, maji ya chumvi yanashuka. Suuza mchanga kwa maji kidogo, maana una chumvi iliyogandia.

5. Chemsha maji hayo hadi yakaribie kwisha. Hapa tulieni. Mwaka wangu wa kwanza kufundisha niliacha moto mkali hadi mwisho, nikitaka kumaliza kabla kengele haijalia. Chumvi ilipofikia kuwa kama uji ikaanza kuruka kama bisi. Punje moja ilinipata chini ya jicho, nyingine ikamwangukia mwanafunzi wa dawati la mbele mkononi. Sababu ni kwamba ganda la chumvi hujifunga juu, maji yaliyonaswa chini yanageuka mvuke na kulipasua. Kwa hiyo: punguza moto mapema, uzime bado kuna majimaji, jua limalizie. Usiinamie sufuria. Watoto wakae mbali. Na kama unatumia chombo cha kioo, usikimwagie maji baridi kikiwa cha moto, kitapasuka.

6. Kwangua chumvi yako.

Sasa swali la pili mnaloniuliza: "Kama nimetenganisha hivyo, kwa nini nisitenganishe na chumvi yenyewe?" Chumvi ni kampaundi, sodiamu na klorini zilizoungana. Sodiamu peke yake ni metali laini inayolipuka ikikutana na maji. Klorini ni gesi ya sumu. Zikiungana unatia kwenye ugali wa mgonjwa. Uwiano wake haubadiliki: gramu 23 za sodiamu kwa gramu 35.5 za klorini, iwe imetoka baharini au mgodini. Mchanganyiko haujali, tia mchanga kijiko au ndoo. Mwaka 1807 Humphry Davy, mkemia wa Uingereza, alipotaka kuipata sodiamu, ilibidi apitishe umeme kwenye magadi kaustiki (kostiki soda) iliyoyeyushwa kwa moto. Chujio lisingemsaidia.

MASWALI

pilipili_kichaa: Mkuu nimechuja mara tatu, maji bado yana chumvi. Kitambaa feki?

Mwandishi: Soma hatua ya 5. Chuja hata mara mia, chumvi itapita na maji.

boda_mtaalamu: Mimi nilitumia sukari, imekuwa nyeusi na inanuka. Somo lako lina makosa.

Mwandishi: Somo limeandika chumvi. Ila umefanya jambo bila kujua: sukari ni kampaundi ya kaboni, haidrojeni na oksijeni, na moto umeivunja. Huo weusi ni kaboni. Hairudi kuwa sukari, usihangaike.

mama_wa_darasa_la_sita: Mwalimu shikamoo. Mwanangu anauliza, kama chumvi imepotea ndani ya maji, si imeungana nayo ikawa kitu kipya?

Mwandishi: Marahaba mama, mpe hongera huyo mtoto. Haijapotea, imesambaa vipande vidogo mno visivyoonekana. Mwambie aonje (kama vyombo ni vya jikoni na chuma hakikugusa): ladha ni ileile. Kisha aongeze chumvi taratibu. Robo lita inameza karibu gramu 90, inayozidi inakaa chini. Chini ya hapo unaweka kiasi chochote upendacho, na ukikausha unaipata chumvi yako yote. Kampaundi haikupi uhuru huo. Akikua atafundishwa chuma na salfa: changanya tu, sumaku inachomoa chuma. Pasha hadi viungane, gramu 7 za chuma kwa 4 za salfa, na sumaku haivuti tena. Hilo lifanyike maabara, moshi wa salfa unakaba.

mvinza_asili: Kwetu Uvinza wazee walichemsha maji ya chemchemi, hatua ya 5 tupu.

Mwandishi: Kabisa. Na mashamba ya chumvi ya pwani yanatumia jua. Lita ya maji ya bahari ina kama gramu 35 za chumvichumvi. Wenye ujuzi humwaga maji machungu ya mwisho, yana magnesiamu.

kijana_wa_mtaa: Kukeneka gongo nako ni hivyohivyo? Nipe vipimo.

Mwandishi: Sitoi.

mama_wa_darasa_la_sita: Nyongeza: tui la nazi likilala kwenye friji, mafuta yanaganda juu, maji yanabaki chini. Natoboa chini ya chupa ya plastiki, maji yanatoka, mafuta yanabaki.

Mwandishi: Mama, hiyo naiiba. Kesho naipeleka darasani.