Kupunguza tumbo bila kupoteza nguvu za miguu ukishavuka miaka 60

Mama mkubwa wangu ana miaka 67. Mwaka jana aliacha chakula cha usiku, akawa analalia chai ya rangi tu, akapungua kilo 6. Majirani wakamsifu. Lakini nilipokwenda kumwamkia Tanga nikakuta hawezi kuinuka kwenye kibao cha mbuzi mpaka ashikwe mkono. Alikuwa amepoteza mafuta, na misuli pia. Kazi yangu ni fiziotherapia, kwa hiyo tukaanza upya pamoja. Tulifanya hivi.

Hatua ya 1: Pima kiuno kwa uzi

Chukua uzi usiovutika, pima urefu wako kutoka unyayo hadi utosini, ukate. Ukunje katikati, kisha uzungushe tumboni juu kidogo ya kitovu, pumzi ikiwa imetoka. Ncha zikikutana, uko vizuri. Zisipokutana, mafuta ya tumboni yamezidi. Rudia kila mwezi. Mizani nimemwambia aisahau, kwa sababu haitofautishi mafuta na misuli.

Hatua ya 2: Zungumza na daktari kuhusu dawa zako

Hasa kama unachoma insulini au unameza glibenklamidi, dawa ya kisukari: mazoezi yanaweza kuishusha sukari kupita kiasi.

Hatua ya 3: Kaa, simama

Hapa ndipo tulipopoteza wiki mbili nzima. Nilimwanzisha kwenye kochi lake la sebuleni, magoti yakamuuma, akataka kuacha. Kosa lilikuwa langu: kochi ni la chini na linazama, na kadiri kiti kinavyokuwa chini ndivyo goti linavyobeba mzigo zaidi.

Tumia kiti cha mbao cha mezani, kisicho na magurudumu. Cha plastiki sikitaki, kinateleza na miguu yake hupinda. Kiegemeze ukutani. Ukikaa, mapaja yawe sawa na sakafu au yainame kidogo kuelekea magotini; kama kiti ni kifupi, weka mto mgumu au godoro dogo lililokunjwa.

Sogea mbele hadi nusu ya kiti. Vuta nyayo nyuma kidogo ya magoti, uziachanishe kwa upana wa nyonga. Halafu inamisha kifua mbele mpaka pua ifike juu ya vidole vya miguu. Wengi wanaliruka hili, wanajaribu kunyanyuka wima, wanarudi kitini puu. Pua ikishafika, sukuma sakafu kwa visigino usimame huku ukitoa pumzi. Usibane pumzi, presha hupanda. Kurudi chini, hesabu polepole hadi tatu.

Ukishindwa, sukuma mapaja kwa mikono. Mama mkubwa alifanya hivyo siku kumi. Anza na mara 5, pumzika, rudia mizunguko miwili, siku tatu kwa wiki zisizofuatana. Ukifika mara 12 bila mikono, ondoa mto. Misuli ya mapaja kuchoka na kuuma kesho yake ni kawaida. Goti likivimba, au likauma kama linachomwa, acha na ukapimwe.

Mashine za jimu simshauri mtu anayeanza katika umri huu. Nyingi zinamfanyisha kazi amekaa, na nyumbani anachohitaji ni kuinuka.

Hatua ya 4: Sahani

Usiruke mlo. Punguza ugali au wali uwe robo ya sahani, mboga nusu, robo iliyobaki iwe samaki, dagaa, mayai, maharage au choroko. Mtu mzima wa umri huu anahitaji takriban gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Yai moja lina kama 6, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15. Mwenye ugonjwa wa figo asifuate hesabu hii bila daktari wake. Mafuta ya kupikia pima kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye dumu.

Hatua ya 5: Tembea

Dakika 30, siku tano kwa wiki, mwendo unaokuruhusu kuongea lakini si kuimba. Vaa viatu vilivyofungwa kisigino, si kandambili.

Hatua ya 6: Simama kwa mguu mmoja

Shika sinki la jikoni, inua mguu mmoja, hesabu hadi 10, badilisha. Mama mkubwa hufanya hivi akisubiri maji ya chai yachemke, na wiki iliyopita nilimwona ameshika sinki kwa kidole kimoja tu.