Somo: Kupiga kura ya halmashauri New Zealand, na kata za Wamaori

Ndugu zetu wengi mliofika New Zealand kutoka kambini bado mnadhani kura ni ya wenye pasipoti ya huku. Sivyo. Ukiwa na ukaazi wa kudumu, umetimiza miaka 18 na umeshaishi hapa mwaka mzima mfululizo, kura unayo.

1. Jiandikishe. Kujiandikisha ni lazima kisheria, kupiga kura ni hiari. Ukihama nyumba, badilisha anwani haraka, maana karatasi huja kwa posta.

2. Ngojea bahasha Septemba. Uchaguzi ni kila miaka mitatu, na Jumamosi ya pili ya Oktoba ndiyo mwisho wa kupokea kura.

3. Soma maelekezo ya kila karatasi. Hapa tulia kabisa. Mkazi wa Hamilton, kwa mfano, huwapanga wagombea wa jiji kwa namba: 1 kwa anayemtaka zaidi, 2 kwa anayefuata, na kuendelea. Wa halmashauri ya mkoa wa Waikato, bahasha ileile, anawawekea alama ya vema. Ukiwapa wawili namba 1, kura hiyo imeharibika.

4. Rudisha mapema kwa posta, au tumbukiza kwenye sanduku la kura. Saa sita mchana Jumamosi, basi.

Sasa kata za Wamaori, yaani wenyeji wa asili wa nchi hii, maana maneno ni mengi. Mwenye asili ya Kimaori huchagua daftari la wapiga kura: la jumla au la Wamaori. Aliye kwenye la Wamaori humpigia diwani wa kata ya Wamaori badala ya wa kata ya jumla. Hapewi kura ya ziada, na meya anachaguliwa na wote.

Sheria iliziruhusu kata hizi nchi nzima mwaka 2002, ila asilimia 5 ya wapiga kura wakitia saini, kura ya maoni ya kuikubali au kuikataa kata iliitishwa. Wilaya ya New Plymouth, 2015, asilimia 83 walikataa. Mwaka 2021 Bunge likaiondoa kura hiyo, 2024 ikarudishwa. Ndipo Oktoba 2025 halmashauri 42 zikauliza watu wake: 24 zikakataa, 18 zikabakiza. Zilizokataliwa zitaondoka kwenye uchaguzi wa 2028.

Kata ya mashambani huanzishwa bila kura ya maoni. Ya Wamaori peke yake ndiyo inayopelekwa kwa majirani waiidhinishe. Kwangu hiyo si haki.

MASWALI YA WANACHAMA

Mimi Mkongo. Kura ya maoni ya kata hizo inanihusu?
Inakuhusu. Huulizwa kila mpiga kura wa halmashauri husika, kwa hiyo usiiache wazi kwa kudhani ni ya wenyewe.

Bahasha haijafika, nifanyeje?
Nenda halmashauri uombe kura maalumu kabla muda haujaisha.

Mbona Auckland hatuna kata hiyo?
Madiwani walikataa kuianzisha mwaka 2023.

Mume wangu ni Mmaori, yuko daftari la jumla. Anaweza kuhama?
Tangu 2023 anaweza wakati wowote, isipokuwa miezi mitatu ya mwisho kabla ya uchaguzi. Watoto wenu nao, wakifika 18, watachagua daftari wanalotaka.