Sindano za mwendo na kimo zikidanganya ukishuka kutua uwanja wa Luano

Nifanye nini sindano za mwendo na kimo zikinidanganya nikishuka kutua? Swali hili linarudi kila msimu wa mvua. Naliandika mara moja, kwa marubani wa ndege ndogo hapa Lubumbashi.

1. Usiifukuze sindano. Weka pua na nguvu ya injini unazozijua za kushukia, utulie.

2. Washa joto la pito, yaani bomba dogo la nje linalopokea hewa ya mbele ili kupima mwendo.

3. Tafuta mgonjwa ni nani. Pito ikiziba kabisa, pamoja na kitundu chake cha kutolea maji, mwendo unaosomeka hupungua kadiri unavyoshuka, ingawa ndege haijapunguza kitu. Matundu ya statiki (yanayopima kanieneo ya hewa ya nje) yakiziba ni kinyume: altimita, sindano ya kimo, inaganda, sindano ya mteremko (kasi ya kupanda na kushuka) inalala kwenye sifuri, na mwendo unaosomeka unapanda. Rubani anadhani anakimbia mno, anapunguza gesi, anavuta usukani, na mbawa zinaacha kuibeba ndege akiwa karibu na ardhi. USIVUTE! Sindano tatu zikiharibika pamoja, shuku statiki kwanza.

4. Fungua statiki ya akiba, inayochukua hewa ya ndani ya ndege. Altimita itasoma juu kidogo kuliko ukweli.

5. Bado una shaka? Ongeza nguvu, panda, jipange upya.

Swali: Kwa kifupi nibonyeze nini?
Jibu: Soma hatua ya 1.

Swali: Si nitaomba tu watu wa rada wanisomee kimo?
Jibu: Kimo wanachokiona kinatumwa na ndege yako, kutoka statiki ile ile. Mwaka 1996 marubani wa ndege ya abiria ya Peru, Aeroperú 603, waliomba hivyo wakasomewa uongo ule ule. Utepe ulikuwa umeachwa juu ya matundu ya statiki baada ya kuosha ndege. Walikufa watu 70.

Swali: Yaya, na GPS je?
Jibu: Umeuliza vizuri. Kimo chake hakitegemei statiki, kitumie. Mwendo wake ni wa ardhini, na hapo uangalie: Luano iko karibu mita 1,300 juu ya bahari, hewa ni nyepesi. GPS ikisema noti 65 (maili za baharini kwa saa) bila upepo, mbawa zinapata kama noti 60 tu. Upepo ukitoka nyuma, zinapata pungufu zaidi. Jiongezee akiba.

Swali: Nyigu wanajenga ndani ya pito yetu.
Jibu: Funikeni kila mnaposimama, hata kwa saa moja. Msichokoe kwa waya, mwiteni fundi.

Swali: Ndege yetu haina statiki ya akiba.
Jibu: Vunja kioo cha sindano ya mteremko, hewa ya ndani iingie kwenye bomba la statiki. Hiyo sindano usiiamini tena. Kioo cha altimita usikiguse.