Kutafuta Kazi ya Muda Malindi Ukiwa Bado Chuoni

Mwanafunzi anayetaka kazi ya muda Malindi hana budi kuweka kalenda mbili mezani kabla hajaandika barua yoyote: ratiba ya muhula wake na msimu wa wageni. Mji huu huajiri kwa kufuata upepo. Wageni wengi huja Julai na Agosti, kisha tena kuanzia Desemba hadi Machi, kaskazi inapovuma na bahari kutulia. Masika yakiingia mwezi wa Aprili na kusi kushika, hoteli nyingi hupunguza wafanyakazi na nyingine hufunga kabisa hadi mvua ipite. Kwa hiyo anayebisha hodi hotelini mwezi wa Mei akitaka kuanza kesho huwa amebisha wakati ambapo hata wa kudumu wamerudishwa nyumbani.

Kosa hili nililifanya mimi mwenyewe kwa namna nyingine. Mwaka wangu wa kwanza nilifunga chuo katikati ya Desemba, na wiki hiyohiyo nikazunguka barabara ya ufuoni nikiwa na bahasha kumi. Katika kila lango nilijibiwa jambo moja, kwamba orodha ya vibarua wa Krismasi ilikuwa imejaa tangu Novemba. Mwaka uliofuata nilipeleka barua mwishoni mwa Oktoba, nikiwa bado masomoni, na nikaitwa. Anayesoma Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi yuko kilomita kama 60 tu kutoka Malindi, na asubuhi moja isiyo na kipindi yamtosha kwenda na kurudi kwa matatu. Anayesoma Nairobi au Eldoret amtume ndugu apeleke barua kwa mkono, kwa sababu barua pepe katika hoteli ndogo mara nyingi husomwa msimu ukishaisha.

Nje ya utalii kuna misimu mingine ambayo wanafunzi wengi huisahau. Maduka ya nguo na viatu huhitaji mikono ya ziada katika kumi la mwisho la Ramadhani, na mafundi cherehani hutafuta watu wa kupiga pasi, kushona vifungo na kupokea wateja kabla ya Idi. Kwa kuwa Ramadhani hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, itazame mapema uone kama itaangukia likizo yako au katikati ya mitihani. Kazi zisizotegemea msimu ni zile za duka la jumla, kibanda cha M-Pesa, duka la kuchapisha na kunakili, na kumfundisha mtoto nyumbani jioni. Hii ya mwisho ndiyo ninayoipenda zaidi kwa mwanafunzi, maana hulipa kwa saa chache na haimchoshi mtu mwili.

Ukishajua msimu, hesabu saa zako kwa ukweli. Andika vipindi vyako vyote, saa za kusoma peke yako, za safari na za usingizi, kisha uone kinachobaki. Kwa maoni yangu, anayefanya kazi zaidi ya saa 15 kwa wiki wakati wa muhula huanza kulipia kazi hiyo kwa alama zake. Wakati wa likizo ni jambo jingine.

Sasa barua. Iwe ya ukurasa mmoja, na mambo ambayo mwajiri anayatafuta yatokee katika mistari ya mwanzo: kazi gani, tarehe gani hadi gani, siku na saa gani. Mwanzo unaofaa ni kama huu: “Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili na ninaomba kazi ya kusaidia jikoni kuanzia tarehe 15 Desemba hadi tarehe 5 Januari. Ninaweza kufanya kazi siku zote isipokuwa Ijumaa kati ya saa sita na saa nane mchana. Ninaishi Shela, na ninaweza kuripoti saa kumi na mbili asubuhi.” Linganisha na ile barua ya kawaida isemayo “niko tayari kufanya kazi yoyote”. Mwenye hoteli hana nafasi ya kazi yoyote. Ana sufuria zisizooshwa na vyumba visivyotandikwa, na anataka kujua nani atakuja saa ngapi. Ikiwa unazungumza Kiitaliano, hata cha kuombea radhi na kuelekeza njia, kitaje mstari wa pili, kwa kuwa wageni na wakazi wa Kiitaliano wamekuwa sehemu ya Malindi kwa miongo mingi.

Nenda kati ya saa nne na saa sita, staftahi ikiwa imeondolewa mezani na chakula cha mchana hakijaanza kupakuliwa. Msalimie askari wa lango kwa heshima, umpe shikamoo yake ikiwa ni mtu mzima, na umweleze shida yako kikamilifu, kwani yeye ndiye anayejua kama meneja yupo na kama jikoni wanatafuta mtu. Usiombe tu kuonana na ofisi. Katika hoteli nyingi, vibarua wa jikoni huchaguliwa na mpishi mkuu, na katika nyumba za kukodisha wageni mwenye neno ni msimamizi wa nyumba.

Stakabadhi ziwe tayari kabla ya kuitwa: nakala ya kitambulisho cha taifa, kitambulisho cha chuo na pini ya KRA, yaani namba ya mlipakodi ya Mamlaka ya Mapato ya Kenya. Wanafunzi wengi waliipata pini walipoomba mkopo wa masomo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, na hawajui kwamba aliye nayo hupaswa kuwasilisha ritani, yaani taarifa ya mapato na kodi, kila mwaka kufikia tarehe 30 Juni, hata kama hakupata senti. Kazi ya kushika chakula hudai cheti cha afya, ambacho hupimiwa upya kila baada ya miezi sita. Waajiri wengine hutaka cheti cha polisi cha tabia njema. Hiki huombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kisha mwombaji huchukuliwa alama za vidole, kwa hiyo usingoje wiki ya mwisho. Na usikubali kuongoza wageni katika magofu ya Gede au mjini kwa sababu tu unaijua historia, kwani kazi ya uongozaji huhitaji leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii.

Mkishakubaliana, maneno yaandikwe. Niliwahi kufanya kazi siku 11 katika duka moja, na siku ya malipo mwenye duka akataja kiasi pungufu ya kile nilichokisikia siku ya kwanza. Sikuwa na chochote cha kuonyesha. Tangu hapo hutuma ujumbe wa simu jioni ya makubaliano: “Asante mzee kwa kunipokea. Nitaanza Jumatatu saa mbili hadi saa nane, kwa malipo tuliyokubaliana ya shilingi kadhaa kwa siku, yatakayolipwa kila Jumamosi.” Jibu la “sawa” hutosha kuwa ushahidi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema kibarua wa kutwa hulipwa mwisho wa siku, na mkataba wa miezi mitatu au zaidi lazima uwe wa maandishi.

Yeyote anayekutaka utoe pesa ya fomu, ya sare au ya mafunzo kabla ya kuanza kazi, achana naye. Kazi za muda za serikali hazilipiwi kuombwa: Tume ya Uchaguzi huajiri makarani kwa ajili ya Uchaguzi Mkuu, na ujao ni Agosti 2027. Kuhusu kazi za mtandaoni, kunakili sauti kuwa maandishi na kutafsiri ni kazi halali, lakini kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao ni kushiriki udanganyifu, nami siwezi kumshauri mwanafunzi mwenzangu aifanye.

Ukiwa kazini, mpe msimamizi tarehe za mitihani yako wiki mbili kabla, apate wa kushika zamu yako. Na siku ya mwisho usiondoke mikono mitupu: aliyefanya kazi wiki nne mfululizo au zaidi ana haki ya kupewa cheti cha utumishi kwa mujibu wa sheria hiyohiyo. Kiombe, kipige picha siku hiyohiyo, na uiache namba yako ya simu kwa mpishi au msimamizi, ili orodha ya Desemba ikianza kuandikwa Oktoba jina lako liwe tayari linajulikana.