Namna ya Kuandika Wasifu wa Gavana wa Kikoloni wa Uhispania Ukiwa Nakuru

Mwanafunzi wa historia aliye Nakuru au Kisumu anaweza kuandika maisha ya gavana wa Uhispania bila kuvuka bahari, mradi asiridhike na maelezo ambayo gavana mwenyewe aliyapeleka kwa mfalme. Kwa zoezi la kwanza ninampendekeza Bernardo de Gálvez, kwa kuwa maisha yake yalikuwa mafupi na nyaraka zake ni nyingi.

Anza kwa kupanga miaka kwenye karatasi moja: alizaliwa mwaka 1746 katika kijiji cha Macharaviaya karibu na Málaga, akashika ugavana wa Louisiana, wakati huo koloni la Uhispania huko Amerika Kaskazini, mwezi Januari 1777, akawa makamu wa mfalme nchini Mexico mwaka 1785, akafariki huko mwezi Novemba 1786 akiwa na umri wa miaka 40. Pembeni andika jamaa zake. Baba yake mdogo, José, ndiye aliyekuwa waziri wa makoloni tangu mwaka 1776, na baba yake mzazi, Matías, ndiye aliyemtangulia katika cheo cha Mexico. Mwandishi anayeuruka ukoo huu atadhani kwamba kipaji pekee ndicho kilichompandisha.

Kisha fika kwenye vita vya Uhispania dhidi ya Uingereza, vilivyokwenda sambamba na vita vya uhuru wa Marekani, na hapa usiwe na haraka. Mwezi Agosti 1779 kimbunga kilizamisha meli zake New Orleans, lakini siku chache baadaye aliondoka kwenda kuwashambulia Waingereza, na mwezi Septemba ngome yao ya Baton Rouge ikasalimu amri. Baada ya kuiteka Pensacola, mji wa Waingereza huko Florida, mwezi Mei 1781, mfalme alimruhusu kuandika kwenye nembo yake maneno "Mimi peke yangu", kwa sababu alitangulia kuingia ghubani na meli yake huku maofisa wa majini wakisita. Yapime maneno hayo kwa orodha ya waliokuwapo: katika kampeni zake walipigana wanamgambo weusi walio huru, Waakadia (walowezi wenye asili ya Kifaransa waliofukuzwa na Waingereza kutoka Kanada ya leo) na wenyeji wa asili, na Pensacola yenyewe ilihitaji maelfu ya askari kutoka Cuba pamoja na msaada wa Wafaransa.

Nyaraka utazipata kwenye PARES, tovuti ya bure ya hifadhi za Uhispania. Tafuta jina kwa tahajia yake ya Kihispania, na kwa habari za Louisiana pitia fungu la Papeles de Cuba la hifadhi ya Sevilla. Tafuta pia majalada ya residencia, yaani uchunguzi aliofanyiwa gavana alipomaliza muda wake, ambapo raia waliruhusiwa kumshtaki. Sisi tunaosoma jinsi Wamaasai walivyohamishwa kutoka Laikipia, na jinsi Girouard, gavana wa Kenya ya kikoloni, alivyojiuzulu mwaka 1912 kutokana na mzozo wa uhamisho huo, tunajua thamani ya sauti ya mlalamikaji.

Mwaka wa njaa Mexico upe sura yake peke yake. Baridi kali ya Agosti 1785 iliunguza mahindi, na Gálvez anasifiwa kwa kuchangisha fedha na kuwapa maskini kazi za ujenzi. Kabla ya kuziamini sifa hizo, tafuta bei ya mahindi na daftari za mazishi za parokia za miaka hiyo, kisha ziweke kando ya barua zake, mwezi kwa mwezi.